Mwalimu Gedion Kimeu Mutie na Stima Waliyomsingizia

Wazee wetu, wachungaji, walimu wenzake, majirani, jamaa mliotoka Zombe na Mutomo kwa barabara ambayo hakuna haja ya kuieleza, wakwe wetu wa Murang'a, na nyinyi vijana sita mliosimama kando ya jeneza mkiwa mmevaa glovu za mpira za kuoshea vyombo, familia inawasalimu nyote leo Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, na imemtuma Shiru, binti wa pili wa marehemu, awasomee historia ya baba yake. Ameiandika yeye mwenyewe, kwa sababu ile iliyoandikwa na kamati ilikuwa na mambo ambayo Mwalimu angeyapigia mstari mwekundu na kuandika pembeni, rudia. Habari ya glovu tutaifikia.

Marehemu Gedion Kimeu Mutie alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Zombe, Kitui, akiwa mtoto wa tatu na kijana wa kwanza wa marehemu Mzee Mutie Kimeu, mfanyabiashara wa mbuzi, na marehemu Mama Syombua. Kamati ilikuwa imeandika kwamba alizaliwa radi ikipiga, ili hadithi ianze vizuri, lakini Mama Syombua alipokuwa hai aliulizwa jambo hilo mara nyingi, na kila mara alijibu kwamba siku hiyo kulikuwa na jua la kupasua mawe, mvua haikuwa imeonekana kwa miezi, na kama kuna kelele yoyote iliyosikika Zombe basi ilikuwa yake.

Alianza masomo ya msingi pale Zombe mwaka wa 1971, na akiwa darasa la nne alimwona mwalimu wake akisugua kitana cha plastiki kwenye nywele, kisha akikisogeza karibu na vipande vya karatasi, na karatasi zikaruka na kushika kitana bila kuitwa. Wenzake walicheka wakaenda kucheza, yeye akaenda nyumbani kusugua kila kitu alichokipata, kitana kwa nywele, biro kwa sweta, na hatimaye kitana kwa mbuzi wa kuuzwa, hadi Mzee Mutie akamuuliza kama anawaandaa kwenda harusini. Alikuja kugundua baadaye kwamba Zombe, kwa ukavu wake ambao kila mtu aliulalamikia, ilikuwa mahali pazuri kuliko pengi kwa jaribio lile, kwa sababu hewa yenye unyevu humwibia mtu chaji kabla hajaitumia, na tangu siku hiyo hakuwahi kuisikia nchi ya Kitui ikitukanwa bila kuitetea.

Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1977, akaendelea na masomo ya sekondari mjini Kitui hadi kidato cha sita mwaka wa 1983, kisha akajiunga na chuo kikuu jijini Nairobi mwaka wa 1985, ambako alisomea ualimu wa fizikia na hesabu, na kufuzu mwaka wa 1988. Mzee Mutie alimuuliza ni kitu gani hasa alichokuwa akisoma miaka yote hiyo, akamwambia ni vitu vidogo visivyoonekana, na Mzee akasema kwamba kwa karo ile alitarajia angalau vionekane.

Mnamo Januari 1989 aliajiriwa kufundisha katika shule moja ya upili nje kidogo ya Mutomo, shule isiyokuwa na maabara wala stima, na huko ndiko alikotengeneza kifaa chake cha kupimia chaji kwa chupa ya jamu, msumari na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ingawa yeye hakuvuta na pakiti aliziokota sokoni mpaka wazazi wakaanza kunong'ona. Huko pia ndiko alikoanza somo lake la mbuzi, ambalo wengi wenu hapa mlifundishwa, na ambalo familia inalirudia kwa kuwa inaonekana halikuingia. Alisema kwamba kila kitu duniani kimejengwa kwa atomu, na kila atomu ni kama boma, katikati kuna mwenye boma aliye na chaji chanya, na kumzunguka kuna elektroni, ambazo ni mbuzi wenye chaji hasi. Katika mpira, plastiki na mbao kavu, kila mbuzi amefungwa kamba kwenye kigingi chake, hawezi kutoka, kwa hiyo stima haipiti. Katika shaba na chuma, mbuzi wa zizi la nje hawana kamba, wanazurura kutoka boma hili hadi lile kama wa jirani yetu mmoja ambaye hatutamtaja, na ukiwafukuza upande mmoja, wote wanasukumana kwenda upande wa pili, na huko kusukumana ndiko kunakowasha balbu.

Aliongeza jambo moja ambalo kila mwaka aliliweka kwenye mtihani, na kila mwaka mlilipata. Kitu kinachoweza kukaa na chaji juu yake, kama kile kitana, ni kitu kisichoipitisha, kwa sababu mbuzi waliomwagwa pale hawana njia ya kuondoka. Kitu kinachoipitisha, kikigusana na ardhi, hakibaki na chochote, mbuzi wote hushuka ardhini na kutawanyika, na hakuna mtu atakayewakuta wamejificha mahali. Sasa mwili wa mtu ni maji na chumvi, nao unapitisha. Mkumbuke hapo.

Tarehe 11 Novemba 1992, siku ya Jumatano, mvua za kwanza zilifika Mutomo wakati wa mapumziko ya mchana, na wanafunzi wakakimbilia ua wa seng'enge kutazama maji yakishuka barabarani, na Mwalimu akatoka kwenda kuwaondoa, akiwaeleza kwa sauti ya hasira kwamba waya ule umepigiliwa misumari kwenye mgunga mrefu ulioko mwisho wa uwanja, na kwamba radi hupenda njia iliyo rahisi. Alimaliza kuwaondoa. Mkono wake ulikuwa bado kwenye waya, akijisaidia kupita kwenye tope, radi ilipoupiga ule mgunga.

Alianguka, na watu wakaja mbio kutoka sokoni na kutoka ofisi ya walimu, wakafika hatua kadhaa kutoka alipolala, wakasimama. Mmoja alisema asiguswe kwa sababu stima iko ndani yake bado, mwingine akasema aletewe mchanga wa mto afukiwe mpaka shingoni ili ardhi imnyonye, na mwalimu mmoja mwenye digrii ya fizikia hiyo hiyo alishauri wangoje iishe, bila kusema itaisha lini wala itaishia wapi. Mwalimu alikuwa hapumui. Radi haikuwa imeacha kitu ndani yake, ilikuwa imepita na kuuvuruga moyo tu, na moyo uliovurugika namna hiyo unahitaji mtu wa kuusukuma upesi, na watu walikuwepo, wengi, mikono yao ikiwa nyuma ya migongo yao.

Barabara ilikuwa imezibwa na umati huo, na nyuma yake kulikuwa na lori la vitunguu na mablanketi lililotoka Kibwezi, na ndani ya lori alikuwa Kagure, binti wa marehemu Mzee Githaiga, mfanyabiashara wa Kibwezi kwa asili ya Murang'a, aliyekuwa na haraka ya kuvuka mto kabla haujajaa. Alishuka kuuliza kwa nini njia imefungwa, akaona, akawauliza, "Huyu mtu amekufa ama mnangoja afe?" Hakujua fizikia, na mpaka leo anasema hana haja nayo, lakini shuleni alikuwa kwenye klabu ya Msalaba Mwekundu, akapiga magoti kwenye tope na gauni lake la kwenda sokoni, akaanza kumsukuma kifua, huku watu wakimwonya kwa lugha zote wanazozijua, naye akiwajibu kwa lugha ambayo mchungaji ameomba isisomwe.

Mwalimu alipovuta pumzi na kufungua macho, swali lake la kwanza kwa mwanamke huyo halikuwa jina.

"Umesikia stima uliponigusa?"

"Nimesikia baridi," Kagure akasema. "Na magoti yanauma."

Akageuza kichwa polepole, akawatazama wanafunzi wake waliosimama mbali, akawaambia, "Andikeni hiyo."

Tangu wakati huo marehemu alikuwa na bidii ya ajabu ya kununua vitunguu, na mnamo tarehe 16 Disemba 1995 alifunga ndoa takatifu na Kagure katika kanisa lao hapa Kibwezi. Safari ya kufika hapo haikuwa nyepesi, kwani wakwe hawakuwa na neno na Ukamba wake, tatizo lao lilikuwa mkono wake, na siku ya mazungumzo mjomba mmoja wa mama, ambaye Mungu amrehemu, alimsalimia kwa leso, na Mwalimu akamweleza kwa heshima zote kwamba leso iliyolowa jasho inapitisha stima vizuri kuliko kiganja kikavu, jambo ambalo halikusaidia mazungumzo. Siku ya harusi fundi wa vyombo alikataa kumpa bwana arusi maikrofoni, akihofia spika zake, kwa hiyo Mwalimu alikula kiapo bila maikrofoni, na waliokaa nyuma wanasema mpaka leo hawajui kama alikubali.

Alikubali. Ndoa hiyo ilibarikiwa na watoto watatu, Syombua aliyezaliwa mwaka wa 1997, Shiru anayesoma haya, aliyezaliwa mwaka wa 1999, na Mutie aliyezaliwa mwaka wa 2004, na mjukuu mmoja, Mutanu, ambaye amekwisha kuharibu tochi mbili za babu yake kutazama kilicho ndani.

Mwaka wa 1999 marehemu alihamishiwa Kibwezi, akawa mkuu wa idara ya sayansi, na akatumikia hapo hadi alipostaafu mwezi wa Machi 2024. Ni miaka ambayo mji huu ulimwita Transfoma, na lazima familia iseme wazi kwamba jina hilo lilimuudhi, si kwa sababu ni la kejeli, ila kwa sababu transfoma haihifadhi chaji, na alisema kwamba kama ni lazima wamtukane, angalau wangemwita kapasita, kifaa kinachoihifadhi. Balbu ikiungua kanisani, macho yalimgeukia. Mvua ikianza kunyesha, salamu zilikuwa za kupunga. Kuna mzee alimletea betri ya gari iliyokufa aiguse tu, na alipoambiwa arudi nayo akasema Mwalimu ana choyo. Kila mara marehemu alieleza upya, kwa mbuzi, kwa kitana, kwa chupa ya jamu, na kila mara waliomsikiliza walitikisa kichwa wakakubali yote, wakaenda bila kumpa mkono, naye akaingia nyumbani akamwambia mama, "Wanafikiri mimi ni kitana."

Haya yote yalikuwa ya kuchekesha hadi tarehe 19 Aprili 2018. Siku hiyo Ndululu, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, mkulima wa nyanya kule mtoni, baba wa watoto wadogo, alikuwa akihamisha mabomba ya chuma ya kumwagilia maji wakati radi ilipopiga shamba, akaanguka kando ya mabomba yake. Watu walifika mapema. Walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwepo waliokaa dawati moja naye, waliojibu swali lile la mtihani na kulipata, na wote walisimama kwa umbali ule ule ambao watu wa Mutomo walisimama mwaka wa 1992, ila safari hii hapakuwa na lori la vitunguu. Mwalimu aliitwa kutoka shuleni, akafika kwa pikipiki, akapiga magoti, akasukuma kifua kile mpaka akaondolewa kwa nguvu, lakini Ndululu alikuwa ameshapoa. Aliposimama aliwauliza walikuwa wanangoja nini, na mmoja wao, ambaye yuko hapa leo na ambaye familia haitamtaja, akamjibu kwa adabu yote, "Tulikuwa tunangoja stima iishe, Mwalimu."

Mwalimu aligeuka akaondoka. Alikuja nyumbani akakaa uani na nguo zake za matope, na mama alipomletea chai akasema kwamba amefundisha watu kufaulu, hakuwafundisha kugusa, na chai ikapoa.

Kuanzia mwezi uliofuata alikwenda kanisa kwa kanisa, kabla ya kila msimu wa mvua, akiomba nafasi fupi baada ya matangazo, akilaza gunia la mahindi chini mbele ya madhabahu na kuwaonyesha waumini jinsi ya kusukuma kifua, huku kwaya ikificha kicheko nyuma ya vitabu vya nyimbo. Mlicheka, na yeye aliwaacha mcheke, mradi mmoja wenu ajitokeze kulisukuma gunia. Mlilisukuma. Gunia halimtishi mtu.

Marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari mwaka wa 2016, na mapema mwaka wa 2024 figo zake zilianza kushindwa, ikabidi awe anasafishwa damu kila wiki, safari ndefu aliyoivumilia kwa kulalamika tu juu ya mambo mengine. Alipopimwa moyo kwa ile mashine ya kuchora mistari alifurahi kuliko mgonjwa anavyopaswa kufurahi, akamwomba daktari amgeuzie kioo, akaanza kumweleza muuguzi kwamba kila pigo la moyo ni chaji zinazoingia na kutoka kwenye chembechembe za mwili, chumvi ndogo ndogo zilizopoteza elektroni zao, na kwamba kwa hiyo kila aliye hai ana stima, daktari anayo, mfagiaji anayo, na wale wa Kibwezi wanaomwogopa wanayo sawasawa na yeye. Muuguzi alimwambia anyamaze mistari itulie.

Jioni ya Jumanne tarehe 28 Oktoba alimwambia mama jambo moja kuhusu mazishi yake, na mama ameomba lisomwe kama lilivyosemwa, "Wanibebe kwa mikono yao. Hata kama ni mara hiyo moja." Alfajiri ya siku iliyofuata, Jumatano tarehe 29 Oktoba 2025, alifariki dunia hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mama.

Na sasa tufike kwenye glovu. Familia ilipoamka leo ilikuta stendi ya jeneza imewekwa juu ya tairi nne kuukuu, na mwenye gari la maiti akaeleza kwamba ni tahadhari, kwa vile kuna mawingu. Kisha akafika Kinuthia wa duka la vifaa vya ujenzi, kiongozi wa wabebaji, kijana mwema, aliyepata A ya fizikia kwenye darasa la marehemu, akiwa na pakiti ya glovu ambazo amezitoa dukani kwake bila kudai kitu, na familia inamshukuru kwa moyo huo. Lakini Kinuthia, hilo jeneza ni la mbao kavu, na wewe unajua mbuzi wa mbao wamefungwaje. Aliyemo ndani alipitiwa na radi mwaka wa 1992, na ile stima ilikuwa imefika ardhini kabla ya mtu yeyote pale kupepesa jicho. Moyo wako unapiga kwa chaji wakati huu unaposikiliza, na wa mchungaji, na wa huyo mtoto anayelia kule nyuma. Katika boma hili lote, kuanzia lango hadi kaburini, mtu pekee asiye na stima mwilini ni huyo mnayemwogopa.

Mvua inakuja, kila mtu anaiona. Itanyesha wiki hii na ijayo, na mahali fulani kati ya hapa na Zombe kuna mtu ataanguka, na watu watafika mapema, na watasimama. Kama hamwezi kumgusa Mwalimu wenu ambaye amekufa kwa figo, ndani ya sanduku la mbao, mchana, mbele ya wachungaji watatu, huyo wa wiki ijayo hana bahati. Kwa hiyo familia inaomba, na inaomba kwa ukali kidogo kwa sababu ameomba yeye, glovu zivuliwe kabla jeneza halijanyanyuliwa. Mama Kagure atashika mpini wa mbele, upande wa kulia. Nafasi zilizobaki ni zenu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ambao walimshika mkono kila walipoingia bila kuuliza habari zake za zamani, walimu wenzake wa Mutomo na Kibwezi, majirani waliochota maji na kupika tangu msiba ulipotokea, kanisa, hata kwaya, mke wa Ndululu, ambaye amekuja na watoto wake na kuketi mbele, na Mzee Kyule, aliyemwosha na kumvisha marehemu kwa mikono yake mitupu na kutoka akiuliza tu kama chai iko tayari.

Mwalimu, kazi uliyotuachia ni ya kurudia rudia, tutairudia. Nenda sasa ukapumzike kwa amani, tumekushika.